Mshono Umefunga, Mwili Bado

Ufuoni Sori, kwenye ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori nchini Kenya, mwanamke hupimwa kwa mzigo. Anayeamka kabla ya alfajiri kuwangoja wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa, akanunua, akaanika, akageuza, akaanua, kisha akachota maji ya ziwa na kupika, na jioni bado hana neno la kulalamika, huyo ndiye husifiwa. Sifa hiyo ina msingi. Watoto wengi wa eneo hili la Nyatike wamesomeshwa na migongo ya mama zao. Ila sifa hiyo hiyo, ikimfuata mwanamke hadi kitandani baada ya kupasuliwa tumbo, inaweza kumuua. Hilo ndilo funzo la kisa hiki.

Kisa chenyewe nimekitunga, na hakuna mtu wa kumnyooshea kidole. Lakini hakuna jambo ndani yake lisilowapata wanawake wanaopasuliwa kwa ajili ya ugonjwa wa endometriosisi. Mhusika wetu alizaliwa Kadem akaolewa Karungu, na kwa desturi ya Waluo wa huku wenyeji humwita nyar Kadem, binti wa Kadem. Nasi tumwite hivyo.

Nyar Kadem alianza kuumia akiwa darasa la saba. Kila mwezi, siku mbili tatu, alijikunja kwenye mkeka, ameuma pindo la kanga asisikike. Shangazi yake alimwambia neno ambalo wasichana wengi wameambiwa: "Vumilia, nyathina, ukizaa yataisha." Akaolewa, akazaa binti mmoja, na kwa muda maumivu yakatulia. Kisha yakarudi na jamaa zake: tumbo, kiuno, uchungu akienda haja kubwa siku za hedhi, uchungu akilala na mumewe. Mimba ya pili haikuja. Zahanati moja ilimtibu homa ya matumbo, nyingine minyoo, nyingine maambukizi ya njia ya mkojo. Nyumbani ukaanza mnong'ono wa chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa, akanyweshwa manyasi, dawa ya kienyeji ya kuondoa chira. Miaka kumi na kitu ikapita kabla ya daktari mmoja wa wanawake huko Kisumu kumsikiliza hadi mwisho, kumpima na kumtajia ugonjwa wake.

Tusimame hapo kidogo, tuuelewe. Katika endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi humea mahali isipopaswa: kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye utumbo au kibofu, na mara chache hata kifuani. Tishu hiyo huitikia homoni za kila mwezi. Huvimba, huvuja damu isiyo na pa kutokea, na mwili uliochokozwa hujibu kwa makovu yanayogandisha kiungo na kiungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, watu wapatao milioni 190, na kwamba kutoka dalili za kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa hupita miaka 4 hadi 12. Kwa hiyo nyar Kadem hakulogwa, hakuvunja mwiko, na kuzaa hakukuwa dawa yake. Alikuwa mgonjwa aliyecheleweshwa, kama wenzake wengi duniani.

Alipopasuliwa, ovari ya kushoto ilikutwa na uvimbe uliojaa damu ya zamani, na sehemu ya utumbo imenata nyuma ya mfuko wa uzazi. Penye vifaa na wataalamu, kazi hii hufanywa kwa matundu madogo na kamera, njia iitwayo laparoskopi. Kwake ilibidi tumbo lifunguliwe kwa mkato mmoja juu ya kinena, kama ule wa kujifungua kwa upasuaji. Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya nne akaruhusiwa kwenda nyumbani na maagizo manne: asiinue kitu kizito kwa wiki sita hadi nane, ale kabla ya kumeza dawa za maumivu, ameze kila siku vidonge vya homoni alivyoandikiwa, na arudi kliniki baada ya wiki mbili. Aliyekuja kumchukua alikuwa kijana wa jirani, akasubiri nje na mizigo. Mumewe alikuwa ziwani. Maagizo hayo yakasikiwa na mtu mmoja tu, naye ndiye mgonjwa, bado kichwa kizito kwa dawa.

Siku ya kumi na mbili

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Majirani walileta sukari, kuku na maombi. Wifi yake alichota maji na kupika. Wiki ya pili wageni wakapungua, wifi akarudi kwake Muhuru Bay. Mwezi nao ukaingia gizani, na usiku wa giza ndio wakati wa omena, kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa. Ufuo mzima ukawa mbioni.

Mama mkwe, mtu mwema aliyempenda, aliuangalia mshono akaona ngozi imekauka na kushikana. Akasema kwa moyo mweupe, "Nyar Kadem, Mungu ni mwema. Umepona."

Nyar Kadem alijua hajapona. Akigeuka kitandani alisikia kitu kikivuta ndani. Akikohoa alishika tumbo kwa mikono miwili. Lakini aliona aibu kumpinga mzee anayemshukuru Mungu, na aliona aibu zaidi kulala mchana wakati wenzake wanageuza samaki juani. "Ndiyo, Mama," akasema, "nimepona." Siku ya kumi na mbili akachota maji ziwani, mtungi wa lita 20.

Maji hayo yana uzito wa kilo 20. Ngozi, ambayo ndiyo macho yanaona, hufunga ndani ya wiki mbili hivi. Lakini chini ya ngozi kuna utando mgumu unaoshikilia tumbo, kuna misuli, kuna utando laini unaofunika matumbo, na vyote hivyo vilifunguliwa vikarudishwa. Jeraha la wiki tatu halijafikisha hata theluthi moja ya nguvu za mwili usiojeruhiwa. Hufika karibu asilimia 80 baada ya miezi mitatu hivi. Mshono uliofunga ni kama ukuta wa udongo uliokauka nje: ukiuegemea mapema, ndani bado ni tope.

Jioni ile mshono uliachia upande mmoja. Yakaanza kutoka majimaji mekundu, na baada ya siku chache yakageuka manjano yenye harufu. Nyar Kadem alikunja kitambaa, akakiweka juu ya jeraha, akajifunga kanga, akanyamaza. Siku ya kliniki ilipofika hakwenda. Nauli ilikuwa imenunua omena.

Vidonge vilivyotupwa na vidonge vilivyoongezwa

Wiki ya tatu mama mkwe aliviona vile vidonge vya homoni chini ya mto, akaitambua pakiti. Alikuwa ameiona kliniki. Usiku akamwuliza mwanawe kwa sauti ya chini, "Huyu si anameza dawa za kuzuia mimba? Na wewe unangoja mtoto?" Mume alimtazama mkewe. Mke alitazama chini. Asubuhi pakiti ikatupwa chooni.

Laiti maneno matatu yangesemwa. Vidonge hivyo si vya kumnyima mtu uzazi. Hupunguza au husimamisha hedhi kwa muda, ili tishu yoyote iliyosalia isichokozwe kila mwezi. Upasuaji huondoa kinachoonekana na kufikiwa. Hauahidi kwamba hakuna kilichobaki. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu yanasema kwamba, bila dawa za kuuzuia, ugonjwa hurudi kwa asilimia 40 hadi 50 ya waliopasuliwa ndani ya miaka mitano. Mwanamke anayetaka mtoto upesi hupangiwa njia nyingine, na ndiyo maana mume na mke wanapaswa kukaa pamoja mbele ya daktari waseme wanachotaka. Katika nyumba hii hakuna aliyesema. Mama mkwe alidhani analinda ukoo, mume alidhani amedanganywa, na mgonjwa alidhani kunyamaza ni heshima.

Wiki ya tano hedhi ikaja, ikiwa na maumivu kama zamani. Hapo nyar Kadem alivunjika moyo kabisa. Ng'ombe aliuzwa kulipia upasuaji, tumbo likakatwa, na maumivu yapo pale pale! Hakujua kwamba hedhi za mwanzo baada ya upasuaji zinaweza kuuma sana, kwa kuwa ndani bado ni kidonda. Hakujua pia kwamba mishipa ya fahamu iliyopiga kelele kwa miaka zaidi ya kumi haizimiki siku moja. Huendelea kuusoma mguso mdogo kama hatari. Misuli ya nyonga nayo, iliyozoea kujikaza kwa kujihami, hubaki imekaza na kuuma yenyewe. Haya yote hayamaanishi kwamba upasuaji umeshindwa. Huhitaji muda, mazoezi na kufuatiliwa. Angeelezwa, angeumia, lakini asingekata tamaa.

Badala yake akaingia duka la dawa. Akanunua diklofenaki, kwa kuwa jirani alisema ndiyo kali. Ilipokosa kumtosha akaongeza ibuprofeni, bila kujua kwamba hizo ni dawa za ukoo mmoja na kuzimeza pamoja ni kuongeza madhara bila kuongeza nafuu. Alizimeza alfajiri na chai ya rangi, tumbo tupu, ili aweze kuinama kwenye nyavu za kuanikia. Siku zikawa wiki. Kiungulia kikaja, akakipuuza. Choo kikawa cheusi kama lami, akadhani ni chakula. Kumbe tumbo la chakula limepata vidonda na linavuja damu.

Alianguka saa nne asubuhi kati ya omena. Wanaume wakasema ni jua. Mama mkwe akasema ni uchovu. Aliyesema kweli alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifua vile vitambaa usiku. "Mama ananuka kidonda," alisema huku akilia, "na choo chake ni cheusi. Aliniambia nisiseme."

Kwa neno hilo la mtoto wakapata kujua pa kumpeleka na la kumwambia daktari. Aliongezewa damu. Jeraha lilifunguliwa, likasafishwa, likaachwa lipone kutoka ndani kwenda nje, kazi ya wiki nyingi. Safari hii mume aliketi kwenye kiti kando ya kitanda na kusikia kila agizo. Nyar Kadem aliishi. Lakini wiki nane ambazo familia iliona ni nyingi ziligeuka miezi minane, na gharama ya kuongezewa damu, kulazwa na kusafishwa jeraha ilizidi mara kadhaa ile ya kumlipa mtu wa kuchota maji.

Aliyekataa kunyamaza

Kisa cha kutunga mtu anaweza kukiweka kando. Cha Njambi Koikai hakiwekeki kando. Wakenya walimjua redioni na kwenye majukwaa ya reggae kama Fyah Mummah Jahmby. Alisimulia hadharani kwamba maumivu yalimwanza akiwa na miaka 13, na kwamba kwa miaka mingi alizunguka hospitali bila ugonjwa wake kutambuliwa. Kwake endometriosisi ilikuwa imefika kifuani, na mapafu yake yakawa yakisinyaa tena na tena. Mwaka 2018, kwa msaada wa michango ya watu, alisafiri hadi Atlanta, Marekani, akafanyiwa upasuaji. Akarudi nyumbani na kuendelea kuwasemea wanawake waliokuwa wakiambiwa kwamba uchungu ni kawaida. Maradhi yakarudi. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024.

Ng'ambo ya mpaka wetu, Happiness Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001 kisha mwanamitindo wa kimataifa, naye alijitokeza kusema kwamba amepasuliwa zaidi ya mara kumi kwa ugonjwa huo huo, akaanza kuzunguka mashuleni na kwenye mikutano kuwaelimisha wasichana. Baada ya miaka ya kuhangaika, mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume.

Wanawake hawa wawili walikuwa na majina na majukwaa, na bado upasuaji mmoja haukuwa mwisho wa safari yao. Tukisikia hivyo tusikate tamaa. Wapo wengi wanaopata nafuu kubwa na ya kudumu baada ya kupasuliwa mara moja. Tunachopaswa kuacha ni kumhesabia mgonjwa siku, na kumwuliza kila asubuhi kama bado anaumwa kwa sauti ya mtu anayedai deni. Na tuchukue kutoka kwa Njambi jambo alilolifanya hadi mwisho: alisema panapouma, alisema kwa jina, alisema mbele ya watu.

Nyumba inayouguza

Sasa tuzungumze na nyumba yenye mgonjwa kama huyu, tuseme wazi la kufanya.

Kwanza, siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali asiende kumchukua mtu wa kubeba mizigo tu. Aende mume, au mama mkwe, au mtu mwenye sauti katika boma, na aulize: amepasuliwa nini, ameondolewa nini, dawa hii ni ya kazi gani, asibebe nini na hadi lini, arudi lini. Safari ndefu ya kutoka Kisumu kupitia Homa Bay hadi Sori isiwe ya kubanana. Mgonjwa akae na mto mdogo juu ya tumbo, gari lisimame njiani atembee hatua chache ili damu isigande miguuni, na kipande cha mwisho kisiwe cha bodaboda.

Pili, kazi zigawanywe kabla hajafika. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo huweza kurudia kazi nyepesi baada ya wiki mbili hivi, na kazi zake za kawaida kati ya wiki ya nne na ya sita. Aliyefunguliwa tumbo huhitaji wiki sita hadi nane kabla ya mtungi, kuni au karai la omena mbichi. Uchovu hudumu kuliko jeraha, wakati mwingine miezi. Vikundi vya akina mama ufuoni vinavyowekeza pamoja na kukopeshana vinaweza kufanya zaidi ya kupeleka sukari: vimwanikie mwenzao omena zake kwa zamu, na faida imfikie kitandani. Mwanamke anayejua kwamba mtaji wake haujafa hatafuti sababu ya kuamka mapema.

Tatu, maumivu yatibiwe kwa mpango. Siku za mwanzo dawa humezwa kwa saa zilizopangwa, bila kungoja uchungu upande hadi usiweze kushuka. Parasetamoli ya miligramu 500, kwa mtu mzima, isizidi vidonge vinane kwa saa 24. Ibuprofeni au diklofenaki, moja tu kati ya hizo, na baada ya chakula, kwa muda alioandika daktari. Tramadoli isiazimwe kwa jirani; hufunga choo, hulevya, na mwili huizoea. Kwa kuwa choo kigumu ni mateso kwa aliyepasuliwa, ale papai, mrenda, mnavu na uji wa wimbi, na anywe maji ya kutosha. Samaki wa ziwa hili, omena wakiwemo, ni chakula chema cha kujenga mwili uliokatwa.

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, ikiwekwa kiunoni, hutuliza misuli. Isiwekwe juu ya jeraha bichi. Akitaka kukohoa au kucheka, abane mto tumboni. Akitaka kuamka, ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Atembee kidogo kila siku, uani kwanza, kisha hadi kwa jirani, na apumzike kabla ya kuchoka. Apumue taratibu hadi tumbo liinuke, mara kadhaa kwa siku, maana misuli ya nyonga hulegea pamoja na pumzi. Aliyepasuliwa kwa laparoskopi asishtuke akiumwa bega siku mbili tatu za mwanzo. Ni hewa ya kabonidioksidi iliyotumiwa kulipanua tumbo. Inachokoza kiwambo cha chini ya mapafu, na huisha yenyewe.

Awe na daftari la shule. Kila jioni aandike tarehe, panapouma, uchungu ni kiasi gani kutoka sifuri hadi kumi, na dawa alizomeza. Daftari hilo litamwonyesha jambo ambalo moyo uliochoka hausadiki: kwamba siku mbaya baada ya siku tatu nzuri haimaanishi amerudi mwanzo. Na likionyesha kwamba maumivu yanapanda wiki baada ya wiki, daktari atakuwa na ushahidi mkononi.

Kuhusu chumba cha kulala, mume asikie. Wiki sita, au kadiri daktari atakavyosema, ni za kungoja. Baada ya hapo akiambiwa "inauma," aamini na aache. Nyumba haivunjwi na subira ya miezi miwili. Huvunjwa na mke anayejifunza kumwogopa mumewe.

Nne, kila mtu wa nyumba hiyo ajue ishara za hatari: homa inayofika nyuzi 38, usaha, harufu mbaya au wekundu unaosambaa kwenye jeraha, kutapika kusikokoma, tumbo kuvimba na kukaza, kushindwa kukojoa, damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida, choo cheusi kama lami. Mojawapo ikitokea, haijalishi ni usiku wa giza au wa mbalamwezi, mgonjwa apelekwe hospitali. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 ili watembelee kaya. Mhudumu wa kijiji chako akipita, mwonyeshe mshono. Hiyo ni kazi yake, wala si aibu yako.

Karungu inalijua somo hili

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huku tumeliona neno hilo likitimia. Migori na Homa Bay zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi ya VVU nchini. Kuna wakati watu walikufa nyuma ya milango iliyofungwa huku majirani wakisema ni chira. Karibu na Hospitali ya Misheni ya St. Camillus ya Karungu kuna makao ya Dala Kiye, yaliyojengwa kwa ajili ya watoto walioachwa yatima na UKIMWI. Makao hayo yanatukumbusha gharama ya ukimya.

Na watu wa huku walijifunza. Walijifunza kulitaja jina la ugonjwa. Walijifunza kwamba kidonge kinachomezwa kila siku kwa miaka hakina aibu. Wanaume walijifunza kwenda kliniki na wake zao. Wagonjwa waliunda vikundi, wakakumbushana dawa, wakalimiana mashamba. Jamii iliyoweza hayo mbele ya virusi haiwezi kudai kwamba imeshindwa kuuguza tumbo lililopasuliwa. Njia tunaijua, ni kuipita tena.

Kwa hiyo mama mkwe, ukiona ngozi imefunga, usitangaze uponyaji; muulize anayeumwa. Mume, acha nyavu siku moja ukasikie maagizo kwa masikio yako. Jirani, ukitaka kusifu, msifu mgonjwa aliyepumzika wiki zake zote. Nawe dada uliyelala na mto tumboni, ukiulizwa hali usijibu "nimepona" kwa kuwa ndilo jibu linalotakiwa. Sema panapouma, sema kiasi gani, sema tangu lini, na kama hukusikiwa, mwambie mwingine.

Na mtoto wa kike akisema kwamba tumbo la hedhi limemzuia kwenda shule kwa mwezi wa pili na wa tatu, asiambiwe ngoja uolewe, asiambiwe ukizaa yataisha. Ashikwe mkono apelekwe hospitali, huku mama yake akiwa na zile tarehe zimeandikwa kwenye daftari. Miaka kumi na kitu aliyoipoteza nyar Kadem haikuibwa na daktari wala na jini. Ilipotea kwa neno "vumilia," na neno hilo tunaweza kuliacha leo.